Mrejesho: Kula ukweni bila nyama, samaki, mayai wala maziwa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nitakulaje ukweni baada ya kuacha vyote vitokanavyo na wanyama, kwa kuwahurumia tu. Nilimfuata aliyesema nimwambie mama mkwe mapema, nisisubiri sinia lifike mbele yangu. Ikasaidia: alinipikia kunde za nazi na kisamvu cha karanga, akanitania kidogo yakaisha. Vidonge vya vitamini B12 nameza pia, maana kwenye mimea haipatikani ya kutegemea. Ushauri wa kusingizia daktari niliuacha. Siwezi kudanganya kuhusu jambo ninaloliamini. Palipokwama ni kwa baba mkwe. Pilau ya Idi ilikuwa na nyama, nikala ndizi na kachumbari, kanuna hadi leo. Na mtindi, kusema kweli, bado naukumbuka.