Naomba ushauri: fundi aliyepooza afundishe kwa roboti au kwa simu?

Ndugu zangu, kaka yangu ni fundi cherehani aliyepooza, lakini akili yake ingali timamu, juzi, akiwa kitandani, alisikia tu mlio wa mkasi wa mwanafunzi wake akasema, “Huo ni butu, unoe kwanza.” Nimesoma kwamba jijini Tokyo, katika mkahawa wa DAWN uliofunguliwa mwaka 2021, watu wenye ulemavu mkubwa huendesha roboti za OriHime wakiwa nyumbani, wakawahudumia wateja na kulipwa ujira. Sisi roboti hizo hatuzimudu. Je, simu iliyowekwa kwenye stendi ambayo yeye mwenyewe ataigeuza kwa mbali, ili aone mikono ya wanafunzi, itatosha? Na intaneti ikikatika katikati ya somo, tufanyeje? Naomba sana msaada wenu, kwani anatamani mno kurudi kazini.