Mjadala: Mchezo wa kompyuta unaosoma ubongo kwa wagonjwa wa kiharusi, bima ilipie?

Mleta mada
Wakuu, tulijadili hili kabla wauzaji hawajabisha hodi. Mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono umegoma anavishwa kofia yenye elektrodi zinazopokea umeme wa ubongo. Mbele yake kuna skrini yenye mkono wa kuchora. Anatakiwa awaze tu kwamba anaufungua mkono wake. Kompyuta ikilinasa wazo lile, mkono wa kwenye skrini unafunguka, na papo hapo kifaa alichofungwa kinamkunjua vidole vyake halisi. Akiwaza ada za watoto, hakuna kinachosogea.

Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, waliruhusu kifaa cha aina hii, IpsiHand ya kampuni ya Neurolutions, Aprili 2021, kwa watu wazima waliomaliza angalau miezi 6 tangu kiharusi. Jaribio lililotegemewa lilikuwa la watu 40 kwa wiki 12, na kila mmoja alijua anachotumia.

Sasa Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Vifaa hivi viingie kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa na bima? Mimi nasema hapana. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hao wanahitaji fizio wa kuwafanyisha mazoezi, hawahitaji kofia. Na njia ya bei ya glavu ipo: jaribio la EXCITE la Marekani, 2006, wagonjwa 222. Mkono mzima unavalishwa glavu muda mwingi wa mchana kwa wiki mbili, ule dhaifu unalazimika kufanya kazi. Nafuu ilionekana hata baada ya mwaka.

Fizio wa Mkoani
Mkuu, hii ndiyo kazi yangu, na kwenye glavu umeruka kitu. EXCITE iliwachukua watu ambao tayari wanaweza kuinua kiganja na kunyoosha vidole walau kidogo. Ambaye vidole havitikisiki kabisa, ukimfungia na ule mkono mwingine umemwacha bila mikono. Huyo ndiye anayenishinda. Namkunjua vidole kimoja kimoja, nikifika cha mwisho cha kwanza kimeshajikunja.

Wa aina yake ndio waliojaribiwa Tübingen, Ujerumani, matokeo yakatoka 2013. Wagonjwa 32, wote wakapata mazoezi yaleyale ya fizio, wote wakafungwa kifaa cha kusogeza mkono. Kwa kundi moja kifaa kilifuata ubongo wao, kwa jingine kilisogea kiholela bila wenyewe kujua. Kundi la kwanza lilipanda kama pointi 3.4 kwenye kipimo cha Fugl-Meyer, kinachopima kiungo kimerudi kusogea kiasi gani baada ya kiharusi; la pili halikupata nafuu ya namna hiyo. Kwa hiyo kusogezwa mkono peke yake hakutoshi. Ubongo uagize na mkono uitike wakati uleule.

Mchumi Uchwara
Pointi 3.4 wakati kipimo kamili cha mkono kina 66? Mtu huyo anashika kikombe au anatikisa bega tu?

Fizio wa Mkoani
Swali zuri, mara nyingi ni bega na kiwiko kabla ya vidole. Lakini soma utafiti wa timu ya Lausanne, Uswisi, 2018. Badala ya roboti walitumia umeme mdogo wa kushtua misuli. Wagonjwa 27: waliounganishwa na ubongo walipanda pointi 6.6, wenzao 2.1, na nafuu ilidumu miezi kadhaa.

Mama Tatu
Samahani wanangu, hiyo kofia kwenye twende kilioni inakaaje? Au ndiyo tufumue kila siku?

Fizio wa Mkoani
Mama, umewashinda wahandisi wengi. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa, na nywele zetu zinaiinua. Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha 2020 elektrodi zinazobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Kabla ya kununua chochote, muuzaji aulizwe hilo kwanza.

Jirani Mwema
Mimi naona tufundishe ndugu wa mgonjwa wafanye mazoezi nyumbani. Bure kabisa.

Mleta mada
Ningependa iwe hivyo, lakini India walilijaribu. ATTEND, 2017, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, ndugu wakafundishwa. Vifo na utegemezi havikupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Na hiyo "bure" yako ni dada mmoja aliyeacha genge lake akae nyumbani.

Fizio, la wenye vidole vilivyogoma nimekuelewa. Ila jumlisha: 40, 32, 27. Hao wote hawajazi mabasi mawili, na wewe unataka bima ya taifa iwategemee. Tena mgonjwa aliyekaa miezi 3 bila kumwona fizio hata mara moja, kofia itamkuta viungo vimeshakakamaa.

Fizio wa Mkoani
Sijasema zinunuliwe kila wilaya. Nasema hospitali moja ya rufaa, wagonjwa wasiotikisa vidole tu, bima ilipe kwa kipindi, na matokeo yatangazwe hata yakiwa mabaya. Fizio waajiriwe sambamba, si baadaye. Hapo pingamizi lako ni lipi?

Mchumi Uchwara
Langu mimi ni moja: elektrodi zikiharibika, spea zinatoka wapi, na nani analipa?