Mtoto wa miaka 8 anataka kunyanyua tairi la mbele, nimuanzishe na michezo gani ya baiskeli?

MamaZuu:
Wakuu habari zenu. Kijana wangu wa miaka 8 baiskeli ameshaijua vizuri, ile ya ringi namba 20 yenye breki za mkono, sasa kila akitoka shule anawaangalia wakubwa wa mtaani wakinyanyua tairi la mbele na yeye anataka hivyohivyo. Sitaki kumkatisha tamaa ila naogopa asije akaangukia kisogo. Kuna michezo rahisi naweza kumsimamia mwenyewe uwanjani?

fundi_spoku:
Dada usimkataze kabisa. Muanzishe na mashindano ya polepole, unachora mistari miwili mchangani, anayefika wa MWISHO bila kuweka mguu chini ndo mshindi. Watoto wanadharau mpaka wajaribu, usukani unaanza kucheza hapohapo. Siri yake ni kuendelea kukanyaga taratibu huku kidole kinagusagusa breki ya nyuma, na macho yaende mbele sio kwenye tairi. Akiweza hapo balansi yake imekaa, mengine yote yanajengwa juu yake.

Kombo_wa_Pwani:
Naunga mkono. Sisi tumejifunzia baiskeli kubwa za Phoenix za baba zetu, mguu unapenyeza katikati ya fremu maana kiti hukifikii, balansi tuliipata kabla hatujajua kukaa lol. Baada ya polepole mfundishe kusimama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, magoti yamelegea, makalio nyuma kidogo, halafu aache baiskeli iserereke yenyewe. Akizoea avuke kijiti kilicholazwa chini, anajikunja, anakandamiza usukani kisha anajinyoosha kurudi nyuma, tairi la mbele linapanda lenyewe bila kulivuta kwa nguvu. Huko ndo kunyanyua kunakoanzia.

binti_bmx:
Kisogo kinaokolewa na breki ya nyuma. Tairi likipanda kupita kiasi unaminya kidogo, mbele inashuka palepale. Kwa hiyo hiyo breki aizoee kwanza, na kidole kisitoke hapo. Usimwambie "ya kulia" maana baiskeli za mtumba zinatofautiana, inua nyuma, zungusha tairi, minya uone ipi inashika. Shusha kiti, tafuta majani yenye kamwinuko kadogo, na helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, sio imerudi utosini.

Na mabinti wasiachwe nje jamani! Charlotte Worthington wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Tokyo, 2021, alianguka raundi ya kwanza ya mashindano ya mitindo ya baiskeli, ya pili akapindua baiskeli nyuma huku anazunguka mzunguko mzima, akachukua dhahabu.

MamaZuu:
Asanteni sana, binti yangu Zuu mwenyewe kasoma hapa anadai zamu yake 😂 Baiskeli ni moja, watapokezana. Kuna cha kukagua kabla hawajaanza?

fundi_spoku:
Nati za matairi zikazwe, breki zishike, na angalia ncha za usukani. Ule mpira wa mshikio ukichanika bomba linabaki wazi, mtoto akiangukia tumbo linaingia vibaya sana, badilisha kabla hajapanda. Na ndala hapana, avae raba, kamba azichomeke ndani zisinaswe na cheni.