Ati "maji ni maji"! Huyu bwana ataniua mie

MkorofiWaDarajani
Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya njano, anayeivaa hata ndani ya ofisi yenye feni nne. Leo katuletea michoro ya mitaro ya lundo la kifusi cha makaa ya mawe, la huko bara, Ruvuma. Sisi wa Unguja eti tukague hesabu tu kisha tupige muhuri. Visima vya kuchunguzia maji kachora vitatu, na vyote vitatu viko bondeni, chini ya lundo. Kaulizwa, kisima cha juu kiko wapi, kile cha kulinganishia? Kanyanyua kikombe cha kahawa, akasema: "Maji ni maji. Nyinyi watu wa visiwani mnajua pweza, makaa ya mawe tuachieni wenyewe."

Maji ni maji!!! Wallahi hata pweza mwenyewe angekasirika.

Haya, bondeni umekuta salfeti, chumvi ya salfa iliyoyeyuka majini, miligramu 400 kwa lita. Utajuaje imetoka kwenye lundo, au maji ya pale ndivyo yalivyo tangu enzi za mababu? Kisima cha juu ndicho kinachokwambia. Na vyote vichimbwe kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa, vipimwe mwaka mzima, masika na kiangazi. Yeye kaandika "uchunguzi utaanza mgodi ukishatulia". Utulie vipi?

Halafu mtaro. Lundo pamoja na mlima ulio juu yake ni hekta 20, na mtaro ni mmoja tu. Maji safi ya mlimani na maji yaliyopita kwenye kifusi yanaingia humo humo. Hesabu si ya kwenda chuo: mgawo 0.6, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, mara mvua ya milimita 90 kwa saa, mara hekta 20, gawa kwa 360. Mita za ujazo 3 kwa sekunde. Mtaro wake una upana wa nusu mita, kina nusu mita. Maji yakimbie mita 2 kila sekunde, mtaro umejaa hadi ukingoni, bado inapita nusu mita ya ujazo tu. Hizo mbili na nusu zilizobaki zipande boti?

Na kikombe kakishika hivi, kidole cha mwisho juu. Maji ni maji.

BintiWete
Unalia kama mtoto aliyenyimwa urojo. Ila ngoja kwanza, mtaro wa chini kabisa, ule unaolaliwa na lundo, kaweka mawe gani?

MkorofiWaDarajani
Mawe ya chokaa. Kasema "hata kwenu yapo tele".

FundiMtaro_Chake
Astaghfirullah.

Okota jiwe la matumbawe, nalo ni chokaa hiyo hiyo, limwagie siki, utasikia linavyochemka. Sasa kifusi cha makaa mara nyingi kina pairaiti, yale madini yanayong'aa kama dhahabu ya kudanganyia washamba. Ikipata hewa na maji inatoa asidi na chuma. Asidi inalila jiwe, chuma kinaganda juu yake kama uji wa rangi ya chungwa, nafasi baina ya mawe zinaziba. Maji yakikosa njia ya kutoka yanapanda ndani ya lundo, na lundo lililolowa miguu halisimami. Chokaa ina kazi yake, lakini ndani ya mtaro uliozikwa na kufunikwa udongo wa mfinyanzi, hewa isiingie, na maji yenyewe yawe hayana aluminiamu wala chuma kilichokwisha kupata hewa. Chini ya lundo weka jiwe gumu lisilochemka kwa asidi, ukubwa wa milimita 100 hadi 300, na changarawe juu yake.

Aberfan, Wales, Oktoba 1966. Kifusi cha makaa kilirundikwa juu ya chemchemi, kikaporomoka hadi skuli. Watu 144, na 116 kati yao watoto. Mwambieni mwenye kofia.

NgalawaBovu77
Kumbe matumbawe hayafai? Nyumba yangu ndo basi tena.

FundiMtaro_Chake
Nyumba yako haikukaa juu ya pairaiti. Imekaa juu ya deni.

ShekheMtulivu
Mnamwonea mtu mzima bure. Si kaweka kipima pH, kile cha kupimia asidi ya maji? pH ikishuka chini ya 7 asidi imezidi, mnaona, mnachukua hatua. Kelele za nini?

BintiWete
Shekhe wangu, pH ni shahidi anayefika mahakamani kesi imeshakwisha. Kifusi kikiwa na chokaa kidogo ndani yake, asidi inazimwa humo humo, pH inabaki 7 hata miaka, huku salfeti inapanda na maji yanazidi kupitisha umeme. Hivyo viwili ndivyo vya kuviangalia mwanzo.

Na kupima kwenyewe si kutumbukiza ndoo. Bomba la kisima la milimita 50 lina karibu lita 2 kila mita. Maji yakiwa na kina cha mita 10, hizo lita 20. Toa mara tatu yake, madumu matatu, ndipo uchukue sampuli, la sivyo unapima maji yaliyolala bombani. pH pima pale pale kisimani. Maji ya chupa ya kupimia metali yachuje kwa kichujio cha maikromita 0.45, kisha tia asidi ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2. Chupa ya kupimia salfeti usitie kitu. Zote ndani ya deli la barafu. Anayezichanganya chupa hizi mbili kila mara ni mmoja, naye ana kofia.

MkorofiWaDarajani
NA KIKOMBE. Maji ni maji. Mie silali leo.

ShekheMtulivu
Basi mpeni ushauri badala ya kumsengenya.

FundiMtaro_Chake
Bwawa lake la kutulizia tope halina hata kipimo cha maji yanayotoka. Ubao wenye mkato wa V wa nyuzi 90, basi. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha, yanapita kama lita 4.4 kwa sekunde. Rula na ubao. Huo ndio ushauri, bure.

Kibandamaiti_Mjini
Nyinyi mnahangaika na Ruvuma, mtaro wa mtaani kwetu umejaa makumbi ya madafu tangu vuli. Tena muuza madafu mnamjua.

NgalawaBovu77
Yule mwenye baskeli nyekundu? Kanirejeshea chenji ya noti imechanika!

Kibandamaiti_Mjini
HUYO HUYO. Na dafu lenyewe koroma.

MkorofiWaDarajani
Jamani, kisima cha juu…

NgalawaBovu77
Chimba mwenyewe. Wenzio tunataka chenji.

BintiWete
Mkija Wete mtakunywa dafu la maana. Na urojo. Urojo wa Unguja siku hizi mwepesi, maji ni maji.

Kibandamaiti_Mjini
Nyinyi Wapemba mnajua karafuu. Urojo tuachieni wenyewe.