Tupeane uzoefu: soketi kupata moto nyumbani, uligunduaje na ulifanya nini?

Mpangaji, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu.

Tulipoacha mkaa tukanunua jiko la umeme la presha, na jikoni kwetu soketi ni moja tu. Kama wiki hivi mke wangu akawa analalamikia shombo ya samaki, na samaki hatujapika. Tukasugua sinki, tukavuta kabati tukidhani kuna panya amefia nyuma. Jioni moja nachomoa plagi, imenasa. Kugusa uso wa soketi, nikarudisha mkono kama nimeshika sufuria. Kando ya tundu la kulia plastiki nyeupe imekuwa rangi ya chai ya maziwa na imebonyea. Nikasogeza pua: shombo yenyewe ndiyo ile.

Hapo nikakosea. Nikaivuta kwa nguvu, ikatoa cheche, ndipo nikakimbilia mensuichi, ile swichi kuu ya nyumba. Ilitakiwa nianze na mensuichi. Fundi alipofungua, skrubu ya waya mwekundu aliizungusha kwa kidole.

Nanyi leteni yenu, hasa mliopanga nyumba za zamani.

Mama wa watatu, Morogoro

Yangu ilikuwa ya friji. Inazima, inawaka. Fundi wa friji kaja mara tatu na kila mara nalipa. Usiku mmoja watoto wamelala, nyumba kimya, nikasikia nyuma ya friji kitu kinachachatika kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Ni soketi. Friji ilikuwa nzima siku zote hizo.

Mwenye nyumba aligoma kulipa, nikatengeneza kwa hela yangu. Nilisikitika, lakini sikuthubutu kulala nayo tena.

Fundi umeme, Mbeya

Poleni sana wote. Mtu wa Tabata, hiyo shombo usiisahau, plastiki ya vifaa vya umeme ikiungua mara nyingi hunuka hivyo.

Watu wengi hujiuliza mbona sakiti breka haikukata. Breka hukata umeme ukizidi, na hapa haukuzidi. Skrubu ikilegea, waya unagusa padogo, umeme uleule unapita njia finyu, panachemka. Shaba ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, skrubu inazidi kulegea. Inajila yenyewe, na breka haina habari.

Soketi zetu ni za ampea 13, kwa volti 230 ni kama wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja, umeshapita. Na ile tabia ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili chaja ya pini mbili iingie, nawaomba muiache. Pini haishiki vizuri, na vibano vya ndani vinalegea.

Ukibadilisha soketi, badilisha na plagi. Pini iliyoungua itaunguza soketi mpya ndani ya miezi michache, nimerudishwa kwenye nyumba nyingi kwa sababu hiyo tu. Waya ulioungua ukatwe mpaka shaba inayong'aa. Na mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Mgeni, Kigamboni

Samahani fundi, chaja yangu ya simu huwa na uvuguvugu. Ni hatari?

Fundi umeme, Mbeya

Uvuguvugu wa chaja ni wa chaja yenyewe, ni kawaida. Weka kiganja kwenye uso wa soketi. Kama huwezi kukiacha hapo, hiyo ni shida.

Mgeni, Kigamboni

Nimetoka kugusa ya jikoni sasa hivi, tumemaliza kuchemsha maji. Ni ya moto sana, na kuna alama nyeusi.

Fundi umeme, Mbeya

Zima mensuichi sasa hivi ndugu yangu. Plagi usiiguse mpaka ipoe. Soketi usiimwagie maji. Ukiona moshi, toa watoto nje, piga 114 zimamoto.

Mpangaji, Tabata

Mkuu, umezima?

Mgeni, Kigamboni

Nimezima. Hakuna moshi. Tumekaa kibarazani na tochi ya simu, fundi amesema atafika saa moja asubuhi.