Kampuni kubwa ya burudani ikinunua mchapishaji wa komiki, shabiki aogope nini hasa?

Bahari_Shwari:
Wakuu, kila inapovuma habari kwamba kampuni kubwa inamtolea macho mchapishaji wa komiki, kelele ni zile zile: mashujaa watafanywa wa kitoto, mifululizo itakatwa, wachoraji wataonewa. Naomba tuzungumze kwa ushahidi. Mfano tulio nao wa kupimia ni Disney na Marvel. Mauzo yalitangazwa 31 Agosti 2009 na kukamilika 31 Desemba mwaka ule ule, kwa takriban dola bilioni 4. Kila hisa ya Marvel ililipwa dola 30 taslimu pamoja na hisa 0.745 za Disney. Hofu zipi zilitimia, zipi hazikutimia, na zipi hazikuonekana kabisa wakati ule? Na sisi tunaonunua na kusomea kwenye simu, tufanye nini mapema?

Wino_Mzito:
Mkuu, hofu iliyopigiwa kelele kuliko zote, ya kulainishwa, ndiyo iliyotimia kidogo kuliko zote. PunisherMAX, mfululizo wa watu wazima tu, wenye damu na matusi, ulianza mwishoni mwa 2009 wakati mauzo yanakamilishwa. Ulikwenda hadi 2012 ukafikisha matoleo 22, karibu yote yakitoka chini ya Disney. Sababu ni ya kibiashara. Hakuna anayelipa bilioni 4 kwa faida ya vitabu vya karatasi. Walilipia wahusika zaidi ya 5,000. Kitabu cha kila mwezi ni njia rahisi ya kuzalisha na kujaribu hadithi, na mmiliki mwenye akili hana haja ya kuivuruga.

Jambo ambalo mashabiki hawakulitazama ni kwamba Disney walinunua nyumba yenye wapangaji. Spider-Man kwenye filamu alikuwa Sony. X-Men na Fantastic Four walikuwa Fox. Paramount walikuwa na mkataba wa kusambaza filamu za Iron Man, Thor, Captain America na Avengers, na haki ya kusambaza filamu za Hulk peke yake ilikuwa Universal. Mauzo ya kampuni hayavunji mikataba ya namna hiyo. Ndiyo maana Oktoba 2010 Disney walikubali kuwalipa Paramount angalau dola milioni 115 ili tu wasambaze wenyewe The Avengers na Iron Man 3, filamu za wahusika ambao tayari walikuwa mali yao!

Mpangaji mkaidi kuliko wote yuko Florida. Mkataba wa 1994 uliwapa Universal haki ya kuwatumia mashujaa wa Marvel kwenye bustani yao ya burudani ya Orlando, iliyofunguliwa 1999, na unawazuia wengine kuwatumia wahusika hao kwenye bustani za burudani mashariki ya mto Mississippi. Hadi leo Disney wanaheshimu mpaka huo. Avengers Campus, eneo la mashujaa hao kwenye bustani ya Disney, ilifunguliwa California mwaka 2021. Guardians of the Galaxy walipata mchezo wao wa kupanda kwenye bustani ya Disney Florida mwaka 2022 kwa sababu hawakuwa miongoni mwa wahusika waliokwishatumiwa na Universal.

Kwa hiyo ukisikia mauzo mapya, usianze kuuliza mnunuzi ni nani. Uliza nani ameshika leseni gani, na inaisha lini. Leseni nyingi za filamu zina sharti la kuanza kazi kabla ya tarehe fulani, la sivyo haki zinarudi. Daredevil alirudi Marvel kwa njia hiyo, Fox waliposhindwa kuanza filamu mpya kwa wakati.

Karatasi_Kavu:
Naongeza kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Maumivu makubwa ya Marvel hayakuletwa na kampuni ya burudani, yaliletwa na deni. Mfanyabiashara Ronald Perelman aliinunua mwaka 1989 kwa dola milioni 82.5, akaipeleka soko la hisa 1991, kisha ikaanza kununua makampuni mengine: Fleer ya kadi za wachezaji mwaka 1992, Panini ya stika 1994, SkyBox 1995. Juu ya hapo, mwishoni mwa 1994 wakanunua Heroes World, msambazaji mdogo, wakampa peke yake kazi ya kusambaza vitabu vyote vya Marvel. Uwezo huo hakuwa nao. Maduka yakapokea mizigo pungufu na kwa kuchelewa, wachapishaji wengine wakakimbilia mikataba ya pekee na msambazaji Diamond, na wasambazaji wengine wakafa au wakamezwa. Soko la kadi na la komiki likaanguka kwa wakati mmoja, na Desemba 1996 Marvel ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Ndiyo maana mimi namwogopa zaidi mnunuzi anayekusanya makampuni haraka kwa pesa za kukopa kuliko Disney. Embracer ya Sweden ilitangaza kumnunua mchapishaji wa komiki Dark Horse Desemba 2021, wakati ikinunua studio za michezo ya video moja baada ya nyingine. Juni 2023 ikalazimika kutangaza mpango wa kubana matumizi baada ya dili moja kubwa kuvunjika. Mchapishaji wa komiki akiwa ndani ya kapu kama hilo, hata akiuza vizuri, bado ataguswa na hesabu mbovu za jirani yake.

Kalamu_ya_Risasi:
Nakubaliana nanyi, ila msiwatakase sana wakubwa. Yapo yaliyotimia.

La kwanza ni leseni kuhama. Disney walinunua Lucasfilm, wenye Star Wars, mwaka 2012. Dark Horse walikuwa wamechapisha komiki za Star Wars tangu 1991, wakailea leseni hiyo wakati wengine hawaitaki. Januari 2014 ikatangazwa kwamba kuanzia 2015 kazi inakwenda Marvel. Kisheria hakuna aliyeonewa, leseni iliisha tu. Lakini mchapishaji mdogo alipoteza nguzo, na hadithi za miaka zaidi ya 20 zikawekwa chini ya jina la Legends, yaani si sehemu ya historia rasmi tena.

La pili ni chapa ndogo kufutwa. AT&T, kampuni ya simu, walikamilisha ununuzi wa Time Warner Juni 2018, DC, mchapishaji wa Batman na Superman, ikiwa ndani. Juni 2019 ikatangazwa kwamba Vertigo, chapa ya DC iliyoanza 1993, itafungwa. Agosti 2020 DC ikapunguza wafanyakazi, wakiwemo wahariri wa ngazi za juu. Chapa za aina hii ndizo hukatwa kwanza kwa sababu haki za hadithi zake nyingi ni za waandishi, hivyo mmiliki mkuu hapati mhusika wa kumtengenezea filamu bila kugawana.

La tatu ni Fantastic Four. Mfululizo ulisimamishwa kwenye toleo la 645 mwaka 2015, ukarudi Agosti 2018, dili la Disney na Fox likiwa limeshatangazwa. Wasomaji wengi waliuhusisha ukimya huo na haki za filamu zilizokuwa Fox, na mimi naona walikuwa na sababu nzuri ya kufikiri hivyo.

Kuhusu wachoraji: chini ya sheria ya Marekani ya 1976, haki za kazi ya kabla ya 1978 zinaweza kudaiwa na mtunzi au warithi wake baada ya miaka 56, na za kuanzia 1978 baada ya miaka 35. Notisi hutolewa kati ya miaka 2 na 10 kabla. Warithi wa Jack Kirby, mchoraji aliyeshiriki kuunda Fantastic Four, walitoa notisi 45 Septemba 2009, wiki chache tu baada ya tangazo la mauzo. Fantastic Four ilianza 1961, jumlisha 56 unapata 2017. Mahakama ziliipa Marvel ushindi kwa hoja kwamba Kirby alifanya kazi kwa kuagizwa, na kazi ya kuagizwa haina haki ya kurudishwa. Septemba 2014 pande mbili zikapatana nje ya mahakama.

Kwa mchoraji yeyote anayesaini na mchapishaji wa Marekani, maneno ya "kazi ya kuagizwa" (work made for hire) ndiyo ya kutafuta kwanza kwenye mkataba. Kisha angalia kifungu cha haki kurudi kitabu kisipochapishwa tena. Watunzi wa Watchmen, kitabu cha komiki cha DC, walikuwa na kifungu hicho, lakini DC hawajawahi kuacha kukichapisha tangu 1987, basi haki hazikurudi. Dai kipimo cha mauzo, mfano nakala kadhaa kwa mwaka, usikubali neno "kinapatikana" peke yake. Siku hizi faili moja lililoachwa kwenye duka la mtandaoni linatosha kufanya kitabu "kipatikane" milele.

Bahari_Shwari:
Asanteni sana. Sasa upande wa simu?

Faili_Safi:
Hapo mfano ni comiXology, duka la mtandaoni la komiki za kusomea kwenye simu. Amazon waliinunua Aprili 2014, na mwezi ule ule kitufe cha kununua kikaondolewa kwenye programu ya iPhone na iPad. Februari 2022 duka likahamishiwa Amazon, mwenye akaunti mbili akatakiwa aziunganishe. Desemba 2023 programu yenyewe ikafungwa na vitabu vikahamia Kindle. Kumbuka kwamba ulichonunua humo ni ruhusa ya kusoma, faili si lako.

Maduka mengine huuza CBZ au PDF isiyo na kufuli. Pakua siku ile ile unayonunua. CBZ ni ZIP ya picha tu: badilisha mwisho wa jina uwe .zip, fungua, hesabu kurasa. Kama ukurasa wa 10 unatangulia wa 2, tatizo ni majina. Yaandike 001, 002, 010, maana programu nyingi hupanga kwa herufi. Toleo la kurasa 22 mara nyingi ni MB 20 hadi 60, hivyo matoleo 500 ya MB 50 ni kama GB 25, yanaingia kwenye kadi ya GB 32. Usiyafunge yote kwenye faili moja, kadi yenye mfumo wa FAT32 hukataa faili linalofika GB 4. Na weka nakala ya pili mahali pengine, kadi hufa bila taarifa.

Kwa maduka yenye kufuli, hifadhi angalau risiti na picha za skrini za orodha yako yote. Duka likihama na vitabu vikapungua, bila orodha hutajua hata kilichopotea.

Bahari_Shwari:
La mwisho. Tangazo likitoka kesho, nisome nini kwanza?

Karatasi_Kavu:
Kama kampuni iko kwenye soko la hisa la Marekani, nenda tovuti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa ya huko, sehemu ya EDGAR yenye hati za makampuni, ni bure. Tafuta fomu 8-K, taarifa ya tukio kubwa la kampuni, ya siku ya tangazo. Kama wanalipa kwa hisa kama Disney walivyofanya, itafuata S-4, hati ndefu ambayo ina sehemu ya hatari. Humo tafuta mambo matatu: leseni, usambazaji, na deni. Anza na deni.