Desktopu nyeupe ya kioo kwa video na gemu: nianze na muonekano au na vifaa?

meza_nyeupe

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo kabla sijanunua hata skrubu moja. Nataka kuunga desktopu yangu mwenyewe, laptop imeshanishinda, kazi kubwa ni kuediti video za 4K kwenye DaVinci Resolve na Blender (ya michoro ya 3D) kidogo, kazi zikiisha nacheza gemu, monita yangu ni ya 1440p. Sasa niseme ukweli tu, muonekano kwangu una uzito sana maana hiki kitu kitakaa juu ya meza nakiangalia siku nzima, kwa hiyo nimeanza na picha kichwani: nyeupe tupu, keisi ya kioo mbele na ubavuni, yale wanayaita tangi la samaki, kadi ya grafiki imesimama wima ionekane vizuri, taa kila kona, na waya hata mmoja usionekane.

Mpaka sasa nimepanga hivi: prosesa Ryzen 7 9800X3D, mazabodi B650 nyeupe, RAM DDR5 vijiti vinne vya GB 16 vyenye taa (jumla 64), kadi RTX 5070, kipoza cha maji chenye rejeta ya milimita 360, SSD ya NVMe TB 2, pawa saplai wati 1000 nisije nikajuta, na feni tisa.

Kuna kilichokaa vibaya hapo? Na wale wenye keisi za kioo, joto likoje?

feni_kwanza

Karibu mkuu. Kuanza na picha sio dhambi, watu wanasema vifaa kwanza urembo baadae lakini kwa keisi za kioo urembo ndio unaoamua hewa itapita wapi, kwa hiyo huwezi kuuacha mwisho. Ila orodha yako imechanganya mashine mbili, moja ya gemu na moja ya kazi.

Prosesa. 9800X3D ni mnyama wa gemu, ile kashe kubwa (memori ya haraka ndani ya prosesa) ndio siri yake, lakini ina kori 8 tu na kwenye kurenda (kutoa video au picha ya mwisho) kashe hiyo haikusaidii sana. Halafu kwa 1440p ukiwa na 5070, mara nyingi kadi ndio itakayokubana kabla prosesa haijachoka. Mimi kwa kazi uliyotaja ningechukua Ryzen 9 9900X yenye kori 12, au kama unataka mashine ya kimya na baridi basi 9700X, hiyo ni ya wati 65 na haina makuu. Unachookoa peleka kwenye kadi.

Kwenye kadi ndio penyewe. 5070 ina memori ya GB 12. Kwa gemu inatosha kwa sasa, ila Blender ukijaza sini yenye tekscha nzito ikazidi hapo, kurenda kunapungua kasi vibaya au kunagoma kabisa. Resolve nayo ukianza kupanga efekti juu ya 4K, kuondoa chenga na mambo hayo, inaweza kukuambia memori ya GPU imejaa. 5070 Ti ina GB 16. Zuri ni kwamba kadi za RTX 50 zote zinafungua video za 4:2:2 (zenye taarifa nyingi zaidi za rangi) kwa hadiwea, zile kamera nyingi za siku hizi zinatoa, RTX 40 zilikuwa haziwezi. Kwa hiyo familia umechagua sawa, panda ngazi moja tu.

RAM: usiweke vijiti vinne. Nasema tena, usiweke. AMD wenyewe, watengenezaji wa Ryzen, kwa Ryzen 9000 wameandika vijiti viwili spidi ya DDR5-5600, ukiweka vinne wanashuka mpaka 3600. Wapo wanaofosi zaidi ya hapo na inakubali, lakini we unataka kufanya kazi sio kupigana na BIOS (mipangilio ya ndani ya bodi). Chukua viwili vya GB 32, DDR5-6000 CL30 yenye EXPO (mpangilio wa spidi ulioandaliwa tayari kwenye RAM), weka sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uwashe EXPO kwenye BIOS maana bila hivyo RAM inakimbia kwa spidi ya kawaida ya chini, na kuna watu wanatumia hivyo miaka bila kujua.

meza_nyeupe

Dah asante mkuu, hilo la vijiti sikulijua kabisa. Ila sloti mbili zikibaki tupu kwenye kioo si itaonekana kama pengo? Najua mtanicheka.

kebo_safi

Hakuna wa kukucheka, sisi wengine ndio ugonjwa wetu huo. Kuna vijiti bandia, ndani hamna memori ni taa tu, vinauzwa na baadhi ya watengenezaji wa RAM ili kujaza sloti. Angalia viwe vya toleo lilelile la RAM yako maana urefu na kofia vinatofautiana. RAM inafanya kazi kwa viwili, macho yanaona vinne, mambo yameisha.

Sasa nije kwenye muonekano maana ndio eneo langu.

Nyeupe sio moja. Kampuni hii nyeupe yake ina ubluu kidogo, ile ina umaziwa, na ukiziweka pamoja chini ya taa nyeupe tofauti inatoka waziwazi. Mazabodi nyingi zinazoitwa nyeupe ni ngao tu ndio nyeupe, bodi yenyewe nyeusi au kijivu, kwa hiyo usiangalie ile picha ya kuuzia, tafuta picha za watu waliozifunga. Ushauri wangu vitu vinavyokaa karibukaribu, yani feni, kipoza na keisi, vitoke familia moja ikiwezekana. Kadi na bodi zikitofautiana kidogo sio mbaya.

Taa: soma hapa taratibu. Kuna taa za volti 5 zenye pini tatu, hizo ndio ARGB, kila taa ina rangi yake, na kuna za volti 12 zenye pini nne, zinabadilika zote kwa pamoja. Plagi zinakaribiana sura. Ukilazimisha ya volti 5 kwenye pini za volti 12 unaunguza taa hapohapo. Na feni tisa zinataka sehemu tisa za kuchomeka taa na tisa za kuzungushia, bodi yako haina, utahitaji habu (kisanduku cha kugawa plagi) au zile feni zinazounganishwa moja kwa nyingine bila waya kati yake. Hizi za kuunganisha ndio zimeokoa watu wanaopenda usafi, zinapunguza waya sana huko nyuma.

Waya zisionekane kabisa? Kuna bodi ambazo plagi zote ziko mgongoni, ASUS wanaita BTF, MSI wanaita Project Zero. Mbele inabaki uso mtupu, noma sana. Lakini keisi lazima iwe na matundu ya kuendana na bodi hiyo, na matundu hayalingani kwa kila kampuni, kwa hiyo hakikisha keisi imeitaja kwa jina.

Na jambo moja la hatari: ukitaka kubadilisha waya za pawa saplai ziwe nyeupe, tumia za kuongezea urefu, au zilizotengenezwa kwa modeli ileile ya pawa saplai yako. Usichukue waya za pawa saplai nyingine kisa zimeingia. Upande wa pawa saplai hakuna mpangilio mmoja wa pini, unaweza kupeleka volti 12 mahali palipotaka 5 na ukaaga SSD na mengineyo.

feni_kwanza

@kebo_safi umemaliza. Nimalizie joto aliloulizia.

Keisi ya kioo mbele hainyonyi hewa mbele, kioo hakina tundu. Hewa inaingia chini na ubavuni, inatoka juu na nyuma. Kwa hiyo feni za chini na za ubavuni ziwe za kuingiza, rejeta ikae juu ikitoa, moja nyuma itoe. Ukifanya hivyo joto ni la kawaida kabisa, kadi inapata hewa ya baridi moja kwa moja kutoka chini. Wanaolalamika wengi wao feni za chini hawakuweka. Shida ya urembo ni kwamba feni ya kuingiza inakugeuzia mgongo, unaona ule msalaba na injini badala ya uso, kwa hiyo nunua feni za mapanga yaliyogeuzwa kwa chini na ubavuni, zinaingiza hewa huku uso mzuri ukiangalia kwako.

Kuhusu kadi kusimama wima mimi ni mpinzani. Feni za kadi zinaangalia kioo, kama nafasi kati yao ni ndogo zinanyonya hewa ileile ya moto, na umeshaua kazi ya feni za chini. Halafu RTX 50 ni PCIe 5.0 (njia inayounganisha kadi na bodi), kebo za raiza, zile za kusimamishia kadi wima, nyingi bado ni 4.0, na kama sloti ya bodi yako nayo ni 5.0, ukishafunga, skrini inaweza kugoma kuwaka mpaka uingie BIOS uishushe sloti kuwa Gen 4 (yani 4.0), na utaingiaje BIOS kama skrini haiwaki? Unarudi kuchomoa kadi, unatumia grafiki ya ndani ya prosesa (Ryzen 9000 hizo zinayo), unabadilisha, unarudisha. Spidi yenyewe hupotezi cha maana kwa Gen 4, ni usumbufu tu.

ndege_mweusi

Mimi napita tu. Rejeta ya 360 kwa prosesa ya wati 65 ni ya nini? Kipoza cha hewa cha minara miwili kinatosha, hakina pampu ya kufa, hakina maji. Watu mnajiongezea vitu vya kuharibika.

kebo_safi

@ndege_mweusi kaka uko sahihi kiufundi ila umesahau swali. Kasema muonekano una uzito. Mnara wa hewa unaziba RAM na nusu ya bodi, yani vile vijiti vya taa tulivyovipigania vinapotea nyuma ya chuma. Rejeta inapeleka ule wingi juu, katikati panabaki wazi. Na akichukua 9900X hilo joto la kupoza lipo, sio urembo mtupu. Akienda hewa pia apime, keisi nyingine nyembamba hazipokei kipoza kirefu, Noctua NH-D15 ina milimita 165.

Ila tu pampu isiwe sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji, hewa inapanda inakaa pale inaanza kukoroma. Rejeta juu ya keisi, hilo halikusumbui.

ndege_mweusi

Sawa, kwa 9900X nakubali. Kwa 9700X bado nasema hapana.

meza_nyeupe

Nimewaelewa sana. Nimebadilisha: 9900X, RAM 2 za GB 32 na vijiti bandia viwili, 5070 Ti ikilala kawaida (roho inaniuma lakini hoja ya hewa imenishinda), rejeta 360 juu, feni tatu chini na tatu ubavuni za mapanga ya kugeuza, moja nyuma. Taa nitaweka rangi moja tu. Yamebaki mawili, wati 1000 niache? Na B650 iko sawa na 9900X?

feni_kwanza

5070 Ti ni wati 300, NVIDIA wanashauri pawa saplai ya 750. Weka 850 ya Gold (daraja la ufanisi) yenye waya wa 12V-2x6, ule wa kulisha kadi umeme, wake mwenyewe, 1000 sio kosa ila haina kazi. Huo waya usukume mpaka uingie wote, usiukunje karibu na plagi, kwenye kioo watu wanaukunja ili upendeze na ndio hapo plagi inapata moto. Kabla ya kulipia keisi soma urefu wa kadi na unene wake ukishaweka feni za chini, maana kadi nene na feni zinaweza kukaribia kugusana.

B650 inafanya kazi, ila kama imekaa stoo muda mrefu BIOS yake inaweza kuwa ya zamani haiitambui 9000. Chagua yenye kitufe cha kuflashi BIOS kwa USB bila prosesa, au chukua B850 ukose presha.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, hakuna kinachotokea. Ni AM5 (jukwaa la prosesa hizi) inapima RAM. Usiizime katikati, na usianze kufungua skrubu.